Redio ya pakiti haijafa, imehamia kwenye programu huria

Wapo wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha na kujifunza, wanaoitaja redio ya pakiti kama marehemu: ile njia ya kutuma data hewani ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Mimi nawapinga. Kilichokufa ni kile kisanduku cha TNC kilichokaa kati ya kompyuta na redio, kikigeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, pamoja na mbao za ujumbe zilizojaa masafa ya VHF miaka ya 1980.

Majaribio ya kwanza yalifanyika Montreal, Kanada, mwaka 1978. Baadaye kundi la wapenzi wa redio ya pakiti liitwalo TAPR, la Tucson, Marekani, likasambaza vifaa vya kujiundia TNC, na itifaki ya AX.25, yaani kanuni za kupanga na kupokezana pakiti, ikawa lugha ya wote. Barua iliweza kuvuka milima ikipokezwa kituo hadi kituo bila waya wa simu. Hata huku kwetu wazo hilo lilifika: mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa HealthNet ulipitisha barua za madaktari wa Afrika kwenye setilaiti ndogo ya UoSAT-3, iliyozipokea ikipita juu na kuzishusha kwingine.

Kisha ikaja intaneti. Kwa kasi ya kawaida ya pakiti, biti 1200 kwa sekunde, picha ya megabaiti tatu huchukua zaidi ya saa tano, tena kama hakuna pakiti iliyogongana na nyingine. Watu wakaondoka, na vituo vya milimani vikakosa wa kuvitunza.

Mbona basi bado ipo? Kwa sababu itifaki ilichapishwa na programu zikaachwa wazi. AX.25 iliingia ndani ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Phil Karn alikuwa ameshaandika KA9Q NOS, programu iliyopitisha hewani TCP/IP, itifaki za intaneti yenyewe. Leo Direwolf, programu huria ya John Langner, inafanya kazi yote ya TNC kwa kadi ya sauti na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. LinBPQ inaendesha kituo kizima cha kupokezana ujumbe. Anayetaka kujua namna sauti za hezi 1200 na 2200 zinavyogeuka kuwa herufi, anafungua msimbo na kusoma. Kwangu huo ndio moyo wa redio ya ridhaa: kujifunza kwa kufungua na kutazama ndani.

Ndiyo maana nasikitika vikundi vingi vya dharura vinapoegemea VARA peke yake, modemu ya programu ya kutumia data kwa redio. Ni ya kasi na inastahimili mawimbi mabovu, hilo silikatai. Lakini msimbo wake umefungwa. Aliyeiunda akiacha kuiendeleza, hakuna mwingine wa kuishika.

Mwaka 2019 ARDC, shirika linalosimamia anwani hizo na kufadhili redio ya ridhaa, liliuza robo ya anwani za intaneti zilizotengewa redio ya ridhaa, zile zinazoanza na 44, na sasa linatoa ruzuku kwa miradi ya aina hii. Ningependa sehemu nzuri ya fedha hizo iende kwenye modemu huria inayoweza kushindana na VARA kwenye HF, yaani mawimbi mafupi yanayofika mbali, kwa sababu pengo kubwa liko hapo.