Bibi, ile si shabu!

Fundi wangu wa kanzu ni mtu mpole hana maneno mengi, sasa siku alipofumua pindo la ubavuni akachungulia, akanyamaza, alafu akaniambia "hapa kitambaa kimekwisha, sasa punguza wewe", nikajua mambo yashafika pabaya. Nikaacha wanga. Na kuacha wanga ukiwa Lamu ni shughuli jamani, asubuhi mahamri, mchana wali wa nazi, magharibi mkate wa mofa unatoka motoni na harufu inaingia ndani bila hata kupiga hodi.

Binamu yangu wa Mombasa akanitumia video ya kababu za dayeti, za kule kwa watu wa Bahari ya Kati, Wagiriki wanaziita keftedes. Ukiziangalia ni kababu tu, ila ndani wanamwaga nanaa, kitunguu thomu, oregano na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Zile zao za kawaida wanatia mkate uliolowekwa, vile vile sisi tunavyotia boflo. Hizi za dayeti mkate marufuku, kinachoshika ni yai na kuikanda nyama na chumvi mpaka ianze kunata mkononi, alafu unaziweka kwenye friji zikaze kabla ya kukaanga. Na ndani unavunjia jibini ya feta, ile nyeupe ya maziwa ya kondoo inayokaa kwenye maji ya chumvi.

Feta binamu akanipakilia kwenye basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, ikanifikia pakiti ishapasuka inachuruzika. Na stima ilikuwa imepotea tangu dhuhuri kwa hivo friji ilikuwa kabati tu. Nikaitia kwenye bakuli la maji ya chumvi nikaiweka kando ya mtungi, maana nyumba yetu yote hakuna pahali baridi kuliko pale. Sasa pale kwenye mtungi ndipo bibi anapoweka shabu yake, nayo iko kwenye bakuli, kipande cheupe ndani ya maji. Shabu hiyo anasafishia maji na ndiyo hiyo hiyo anajipaka kwapani, deodoranti za dukani hataki hata kuzisikia, anasema zinawasha. Na bibi ana mtoto wa jicho. Moja lilifanyiwa upasuaji, la pili kasema lingoje.

Siku hiyo kulikuwa na kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, huko mtaa wa Langoni, sisi tuko Mkomani. Bibi kaoga, kajifukiza udi, mimi niko jikoni nalia na vitunguu nikamsikia chumbani akisema peke yake, "Shabu za siku hizi laini! Yasagika mkononi." Nikamjibu "eeh bibi" kama mtu anavyomjibu mzee akiwa na kazi zake. Akaniaga akatoka.

Nikakanda ile nyama mpaka mabega yakauma, nikatia yai, nikafinyanga chache za kwanza nikaziweka kwenye kikaango, ndo nikakumbuka feta. Nikanyoosha mkono kwenye bakuli. Ngumu. Nikajisemea labda safari imeikausha, nikaigonga na mchi, kikaruka kipande nikakitia mdomoni nionje chumvi. Wallahi midomo ilijikunja ikaingia ndani, ulimi ukakauka, mashavu yakakutana. Shabu. Nikageukia bakuli la pili, hamna kitu, maji ya ukungu na vijipande vidogo vinaelea.

Nikasimama pale nikipiga hesabu na kila nikiipiga inarudi kwenye makwapa ya bibi.

Nikamkabidhi mpwa wangu mwiko nikamwambia ukiona upande mmoja umeiva geuza, nikatoka mbio. UNESCO waliutia mji huu kwenye urithi wa dunia 2001 na vichochoro vyake havijaongezeka hata inchi, nikakutana na punda kabeba mifuko ya mchanga ikabidi nijibandike ukutani apite kwa raha zake. Mbele kuna wazee kwenye baraza, nikawauliza mumemuona bibi? Mmoja akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Fuata paka."

Paka wa Lamu munawajua, wembamba shingo ndefu, watu husema wamefanana na wale wa michoro ya Misri ya kale, basi siku hiyo walikuwa wamempata Firauni wao. Bibi yuko mbele na buibui lake, mkoba kwapani, anatembea kwa madaha, nyuma msururu wa paka na mikia juu, wengine wanashuka ukutani kujiunga. Hewa yote udi na halud, na chini yake harufu ya maziwa yaliyolala.

"Bibi!"

"Ndoo uwafukuze paka hawa! Yeo wana nini?"

"Bibi umejipaka nini?"

"Shabu."

"Wapi?"

"We mtoto huna haya, waniuliza wapi mbele ya watu?"

"Bibi, ile si shabu. Ile ni jibini."

Akasimama. Paka nao wakasimama. "Jibini ya nini?"

"Ya maziwa ya kondoo, bibi."

Akafikiri kidogo. "Ni halali?"

"Halali."

"Basi niondokee, nshachelewa." Akaingia, wasichana wa mlangoni wakamnyunyizia marashi, na mimi mwanamume kupamba siingii, nikabaki nje na paka tukitazamana.

Kurudi nyumbani mpwa wangu ananiangalia na mwiko juu. "Mjomba, zimeachana." Nikatia mwiko chini ya ile moja iliyobaki nzima, chini imepiga rangi nzuri ya kahawia, nikainyanyua polepole, ikatokea ufa katikati, maji ya kitunguu yakatiririka, mafuta yakaruka, na yenyewe ikalala vipande vipande. Vitunguu havikukamuliwa na friji haikuwako, sasa ungetaka ishikwe na nini. Utamu lakini ulikuwepo, ile nanaa na ganda la ndimu si mchezo. Mimi nikala kwa kijiko na kachumbari. Watoto wakaenda kununua mofa wakaipakatia nyama yangu mbele ya macho yangu.

Usiku bibi karudi na sahani ya biriani kafunika, kakaa kitandani akavua viatu. Nikangoja anigombeze.

"Jibini yako ile," akasema, "kwapa zimekuwa kama za mwari. Mwambie binamu yako alete nyingine, na hii aitie kwenye mkebe."