Afya ya Kimataifa si Kozi ya Waliokosa Udaktari

Kijana akisema anakwenda chuo kikuu kusomea mambo ya afya, nyumbani watu hufurahi. Akiongeza kwamba hatakuwa daktari, muuguzi wala mfamasia, bali atasoma afya ya kimataifa, fani inayochunguza kwa nini ugonjwa uleule humuua huyu na kumwacha yule, furaha inapoa na maswali yanaanza. Atakuajiri nani? Kwani alama za udaktari hazikutosha? Familia za Afrika Mashariki zilizohamia Uingereza na Marekani huuliza kwa ukali zaidi, kwa sababu huko ada inauma na shahada yenyewe iko mezani: King's College London wanaifundisha ngazi ya shahada ya kwanza, na Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina kinayo tangu 2013.

Wanaoipinga wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote imesimama juu ya takwimu moja. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba Kanda yake ya Afrika inabeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani, ilhali ina asilimia 3 tu ya wahudumu wa afya. Tangu hapo namba hizo mbili zimezunguka kila mkutano na kila andiko la kuomba fedha. Anayeikataa shahada hii huzitupa mezani kama karata ya turufu: watu wetu wanakufa kwa kukosa wakunga, ninyi mnataka kuzalisha wachambuzi?

Hoja inaingia akilini haraka. Shida ni kwamba takwimu hiyo husomwa nusu. Ripoti ileile ilitaja namba ya tatu, ambayo sijui kwa nini watu huiruka: kanda hiyo ilikuwa na chini ya asilimia 1 ya fedha zinazotumika duniani kwa ajili ya afya. Ukisoma namba ya wahudumu bila kusoma ya fedha, utaamini dawa ya tatizo ni kufungua vyuo. Fungua vyuo, wahitimu watoke, wodi zijae watumishi.

Kenya imekuwa na vyuo hivyo kwa miaka mingi. Machi 2024 madaktari wa hospitali za umma waliweka zana chini na hawakurudi kazini hadi Mei, siku 56 baadaye. Kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari wa mafunzo kazini, yaani vijana waliokwisha kufaulu mitihani na kungoja tu kupangiwa vituo. Makubaliano ya 2017 yaliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikasema uwezo wake ni 70,000. Karibu miaka mitatu kabla ya mgomo huo, Julai 2021, serikali ya Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ili wauguzi wa Kenya waliokosa ajira wakafanye kazi huko. Yaani nchi inayohesabiwa kuwa na upungufu wa wauguzi ilikuwa na wauguzi wa ziada wa kupeleka ng'ambo. Wodi ziliwahitaji, bajeti ikawa haina nafasi yao.

Sasa ni nani kazi yake kueleza jinsi hali hiyo inavyotokea? Daktari wa wodini anaiona kila siku, lakini hakufundishwa kusoma bajeti ya kaunti, masharti ya mkopo yanayobana mishahara ya watumishi wa umma, wala mkataba wa mfadhili anayelipia dawa huku akikataa kulipia mtu wa kuzigawa. Mchumi anaijua bajeti, ila hajui kwa nini kituo chenye mkunga mmoja ni hatari kuliko kinavyoonekana kwenye jedwali. Afya ya kimataifa ikifundishwa sawasawa hukaa hapo katikati: takwimu za magonjwa, uchumi, historia, siasa za misaada, vyote vikiwekwa juu ya swali moja la kwa nini huyu amepona na yule amekufa kwa ugonjwa uleule. Kulisomea swali hilo miaka mitatu au minne si anasa.

Mwaka 2025 ulitupa mfano mwingine, wa kikatili. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, lilikuwa limefungwa. Kliniki za VVU za Kenya, Uganda na Tanzania zikapoteza washauri nasaha, makarani wa takwimu na wafuatiliaji wa wagonjwa, watu ambao mishahara yao ilitoka kwenye miradi na haikuwahi kuingia kwenye bajeti za serikali. Mpango wa Marekani wa UKIMWI ulikuwa umeanza 2003. Zaidi ya miaka ishirini ilipita ajira hizo zikining'inia kwenye kura za bunge la nchi nyingine, na walioipigia kelele hatari hiyo mapema walikuwa wachache mno. Ninaamini tulihitaji wengi zaidi, tena wetu.

Lakini mfano huohuo unampa mpinzani silaha, na si haki kuificha. Mashirika yaliyofungwa au kupunguza watu ndiyo yaliyokuwa yakiwaajiri wahitimu wa kozi hii. Muuguzi ana baraza la kumsajili na cheo kinachojulikana serikalini; mwenye shahada ya afya ya kimataifa akirudi nayo nyumbani anaweza kuzunguka ofisi hadi ofisi bila kupata muundo wa utumishi unaomtambua. Matangazo ya kazi nayo hutaka shahada ya pili na uzoefu wa miaka. Kijana wa miaka 22 asiyeweza kuchoma sindano wala kuandika programu ya kuchambua takwimu ana haki ya kuogopa.

Kisha kuna asili ya fani yenyewe. Shule za tiba ya magonjwa ya kitropiki za Liverpool, 1898, na London, 1899, zilianzishwa dola ya Uingereza ikitaka maafisa na wafanyabiashara wake waishi katika makoloni bila kufa kwa malaria. Jina limebadilika mara kadhaa tangu hapo, mwelekeo wa safari umebadilika kidogo. Wanafunzi wa Duke huja Moshi, Tanzania, ambako chuo chao kina ushirikiano wa muda mrefu na hospitali ya KCMC, na wengi hujifunza kwa unyenyekevu. Kwa upande wa pili, mwaka 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Montreal, na wajumbe wengi wa Afrika wakanyimwa viza. Wenye wagonjwa wakabaki nyumbani, wenye hotuba wakapanda jukwaani.

Kwangu mimi hiyo ni sababu ya watu wetu kuisoma fani hii kwa wingi. Wakiiacha, itaendelea kuwa elimu inayotuhusu sisi na kufundishwa wengine.

La kubishania ni namna ya kuisoma, na hapo wapinzani wanakaribia ukweli kuliko wanavyojua. Duke kwenyewe hawamruhusu mwanafunzi kuisoma peke yake. Lazima aiambatanishe na fani nyingine. Uingereza wanafunzi wa udaktari huweza kutoka kwa mwaka mmoja, wakaisomea shahada, kisha wakarudi wodini. Na Butaro, kaskazini mwa Rwanda, Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani, kilichoanzishwa na shirika la Partners In Health, kimeziunganisha kabisa: tangu 2019 anayesomea udaktari pale anasomea pamoja nao shahada ya uzamili ya utoaji wa huduma za afya duniani. Paul Farmer, mmoja wa waasisi wa shirika hilo, alifariki hapohapo Butaro Februari 2022, katika chuo kilichojengwa kijijini kwa makusudi, mbali na Kigali.

Si kila familia itapata nafasi Butaro au ada ya Duke. Mzazi anayeombwa kulipia shahada hii mahali pengine ana haki ya kuuliza chuo mambo matatu kabla ya kutoa hata senti. Mwanafunzi atajifunza takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, kwa kiwango gani, maana hiyo ndiyo stadi itakayomlisha? Anaruhusiwa kuchukua fani ya pili? Na wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, kwa vyeo na si kwa picha za tovuti? Chuo kikibabaika kwenye la tatu, ahamishie ada kwenye uuguzi, na kijana aje aisome afya ya kimataifa baadaye akiwa na leseni mkononi.