Ujana haukumrudia

Mama mkubwa alikoma hedhi akiwa na miaka 51. Miaka sita baadaye akaona matone ya damu kwenye kanga. Shoga yake akamwambia, "Dada, ujana umekurudia," wakacheka, yakaishia hapo. Baadaye ukaja uchafu wenye harufu. Akaenda duka la dawa mara tatu, na mara zote tatu akapewa dawa ya fangasi. Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mguu mmoja ulikuwa umevimba na kiuno kinamuuma usiku kucha.

Nimekasirika, na sijamkasirikia yeye. Tumelelewa kuamini kwamba kisichouma si ugonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Kiuno kuuma na mguu kuvimba mara nyingi ni dalili za ugonjwa uliokwisha kusambaa. Kinachotangulia ni damu: baada ya tendo la ndoa, katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, hata iwe tone moja. Mara nyingi huwa si saratani. Lakini hayo atayajua aliyekuangalia, si anayekuuzia vidonge dirishani. Ukifika kituo cha afya sema waziwazi: "Naomba mniangalie mlango wa kizazi." Ukiona haya, omba nesi mwanamke. Usiondoke na dawa tu.

Na usingoje hata hiyo damu. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho huleta saratani hii, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuizaa; kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, 5 hadi 10. Katika muda huo mabadiliko yanaweza kuonekana na kutibiwa. Ndiyo maana uchunguzi huanza ukiwa na miaka 30, na 25 kwa anayeishi na VVU. Mlango wa kizazi unapakwa siki, mnasubiri kama dakika moja, palipobadilika panakuwa peupe. Binti zetu wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo, dozi moja. Sisi mama zao tuna siki.

Mwezi uliopita niliwasindikiza mabinti wawili wa mama mkubwa. Mdogo, mwenye miaka 34, alikutwa na doa jeupe, akatibiwa siku hiyohiyo kwa kuligandisha doa hilo kwa baridi kali. Hakuwahi kuona hata tone la damu.