Njia ya baiskeli Lubumbashi: tunamjengea nani?

Barabara ikitiwa lami upya Lubumbashi, hawakosi watu wa kuuliza mbona haikuachwa njia ya baiskeli. Wanaouliza wanamfikiria mwanafunzi anayeelekea chuo kikuu kule Kasapa, mkoba mgongoni. Wanaopinga wanamfikiria huyohuyo: wanafunzi wa aina hiyo ni wachache, wanasema, na mji una shida za maji na umeme. Katika ubishi huo mtu wa kinga ya makala, yaani baiskeli ya kubebea makaa, hatajwi kabisa.

Naye ndiye mwendesha baiskeli wetu hasa. Alfajiri utamkuta kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi, ametoka porini mbali, magunia yamepangwa nyuma hadi yanampita urefu, mengine yananing'inia ubavuni. Mara nyingi hapandi, anasukuma. Wengine wanaleta mahindi au mboga. Baiskeli hiyo ndiyo lori lake, na mchoro wowote usioanza na mzigo wake umeanza vibaya.

Wanaotaka njia wana hoja nzito. Lubumbashi si Bukavu, ambako hata pikipiki inalalamika mlimani: tuko kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi, ardhi imelala, na katikati ya mji barabara zilinyooshwa tangu mji ulipoanzishwa 1910. Baiskeli inafaa hapa kuliko miji mingi ya Kongo. Halafu kuna hatari yenyewe. Malori ya shaba na kobalti yanashuka usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto, na magari mengi ya kwetu yana usukani wa kulia. Dereva wa gari la namna hiyo anamwona vizuri mtu wa pembeni, lakini akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mbele mpaka achomoze nusu ya gari. Akikuta gari linakuja, anarudi ghafla upande wake, na hapo pembeni ndipo ilipo kinga. Mtu akigongwa na gari la mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ana nafasi kubwa ya kuishi. Kwenye 70 nafasi hiyo karibu inaisha.

Jambo lingine halisemwi sana kwa sababu halionekani ukiwa ndani ya gari: ukingo wa lami. Mvua za Novemba hadi Machi zinaula udongo wa pembeni, lami inabaki juu kama ngazi. Mwenye mzigo akipigiwa honi anatakiwa ashuke. Kupanda tena hawezi bila kusimama na kuomba msaada. Kwa hiyo hashuki. Dereva anamwona mkaidi, kumbe anafanya hesabu.

Sasa wapinzani. Hoja yao ya fedha ndiyo dhaifu zaidi. Kuongeza bega la lami, yaani ukanda wa pembeni ya barabara, wakati barabara inajengwa ni rahisi kuliko kurudi baadaye, na mkataba wa Sicomines, ule wa Kongo na Wachina wa madini kwa miundombinu, uliopitiwa upya 2024 unazungumzia hadi dola bilioni 7 za miundombinu, nyingi zikiwa za barabara. Malori nayo yanalipa peaji, yaani tozo ya barabara. Fedha si kwamba hazipo, ila hakuna aliyeweka baiskeli kwenye karatasi.

Hoja yao yenye nguvu ni nyingine: nani atailinda? Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, barabara ya Morogoro ilipewa njia za miguu na za baiskeli, na bodaboda na wachuuzi hawakukawia kuingia. Kwetu ingekuwa haraka zaidi. Chora mstari mweupe mbele ya soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, asubuhi. Kufika saa sita kuna nyanya juu yake, na manseba, bodaboda wetu, wameufanya njia ya mkato. Siwalaumu, kila mtu anatafuta. Lakini rangi peke yake haimlindi mtu, na ukimpa polisi wa roulage, wale wa barabarani, kazi ya kuilinda, umempa tu sababu mpya ya kumsimamisha maskini. Kuhusu katikati ya mji, basi, nakubaliana na wapinzani. Pale punguzeni mwendo wa magari, fungeni mifereji iliyo wazi, inatosha kwa sasa.

Tena njia mbaya inaweza kuwa na hatari kuliko kutokuwa na njia. Michoro mingi inampa mwendesha baiskeli mita moja na nusu. Kinga yenye magunia inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Wa nyuma hawezi kumpita wa mbele, anatoka barabarani. Akigongwa hapo, dereva ana jibu tayari: si mlipewa njia yenu? Njia isiyomtosha mtu inamgeuza mkosaji.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye barabara za kuingilia mjini, kwa bega la lami la mita mbili au zaidi, usawa mmoja na barabara, bila ngazi, likitengwa kwa matuta mafupi ya zege yenye mianya ya kupitisha maji. Mfereji ukae nje ya bega, na ufunikwe. Wanaosema watu wa makala wawashe taa kwanza wana ukweli nusu: kutembea gizani bila kitu kinachong'aa ni kujitafutia, na sheria ya barabara ya 1978 inawahusu wao pia. Ila ukanda wa kung'aa ni kitu kidogo. Ungeweza kugawiwa bure pale kwenye peaji, badala ya kusubiri faini ifundishe.

Barabara ya Kasumbalesa peke yake inanitia shaka. Foleni ya malori kuelekea mpakani inapokuwa ndefu, madereva wanaegesha popote palipo na lami, na bega pana bila matuta litakuwa maegesho kabla ya wiki kuisha. Huko, kama fedha za matuta hazipo, afadhali ubaki udongo uliosawazishwa na kushindiliwa kila baada ya mvua, na lami iende kwanza barabara ya Kasenga.