Milimita 18 ambazo si 18

Jamani, hili la unene wa plaiwudi linanichosha. Unanunua shiti ya milimita 18, unachora kabati kwenye kompyuta, matundu ya maungio unayaweka 18 kamili, mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, inakata safi kabisa. Ukija kuunganisha, ulimi, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu, unacheza ndani yake kama jino linalotaka kung'oka. Unapima kwa kalipa: 17.4. Upande wa pili wa shiti hiyohiyo, 17.7. Shiti nyingine, ya siku hiyohiyo, 18.2, na hiyo haiingii hata kwa nyundo ya mpira.

Ukiuliza dukani: "Ndivyo ilivyokuja, fundi." Najua kiwandani nyuso hupigwa msasa, na mbao hunywa unyevu zikavimba. Basi andikeni unene wa kweli! Fundi wa msumeno na patasi atarekebisha palepale. Mashine inafuata mchoro tu, na hiyo nusu milimita inatosha kulifanya kabati zima liyumbe.

(Kona za ndani za tundu silalamikii. Biti, yaani kisu cha mashine kinachozunguka, ya milimita 6 ni ya duara, lazima iache mviringo, kwa hiyo natoboa kidogo pembeni ili ulimi ukae.)

Sasa kila shiti naipima sehemu sita, nakata kipande cha majaribio, narekebisha mchoro, ndipo kazi ianze. Saa nzima imekwenda. Na mteja akiona mwanya kwenye kona, hamlaumu aliyeuza shiti. Ananiuliza mimi.