Eka za bure? Hapana jamani

Nimesoma makala ya walowezi wa Marekani, mwandishi kasema wale wakulima wa majimbo ya Nebraska na Kansas walipewa eka 160 za bure na sheria ya 1862, bure gani hiyo jamani. Ulitakiwa ukae palepale miaka 5, ujenge, ulime, ndo upewe hati, na miti hakuna kwahiyo wengi walikuwa wanakata udongo na nyasi zake kama matofali wanajengea nyumba, mvua ikinyesha paa linadondosha tope mpaka kwenye sufuria. Kuni nazo shida, wanapikia mavi makavu ya ng'ombe. Alafu 1874 wakaja nzige wakafyeka mashamba.

Ndo maana wakulima wengi walikuwa mafundi pia, msimu ukigoma anashika nyundo, anatengeneza magurudumu ya mikokoteni, anawapigilia farasi wa jirani viatu vya chuma. Mimi mafundi hao nawaheshimu sana, plau isiyonata udongo mzito wa kule aliitengeneza mhunzi wa Illinois, John Deere, 1837, kwa bapa la msumeno uliovunjika!

Ila makala imeruka jambo kubwa, ile ardhi ilikuwa na wenyewe. Wapawnee, wenyeji wa asili wa kule, walihamishwa Nebraska wakapelekwa Oklahoma miaka hiyohiyo ya 1870, naomba na wao waandikiwe yao.