Njia ni Yangu, Lakini Kila Mtu Ananiambia Nisonge

Jameni, mimi sina ugomvi na maendeleo. Mwaka 2019 walipokuja kuitengeneza Luthuli Avenue, hapa katikati ya jiji la Nairobi, sisi tunaouza TV na spika hapo tulishangilia, maana tulijua tulikotoka. Matatu zimejaa, makanga wanagonga bodi, mkokoteni unalazimisha kupita katikati, na wewe mwenye miguu unapita kwa ubavu, mkono mmoja mfukoni kulinda simu. Wakaibana barabara, magari yakaachiwa kwenda upande mmoja tu. Eneo lililobaki tukaambiwa ni letu: njia pana za miguu, mabenchi, maua. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kule Gigiri, nao walitia mkono kwenye mipango. Na ile michoro ya wataalamu unaijua: lazima kuwe na mama anayesukuma mtoto kwenye kigari, kijana anayecheka peke yake, na mti wenye kivuli kuliko msitu wa Karura.

Sasa mtu anieleze kwa nini kwenye njia niliyopewa mimi, neno ninalosikia kuliko yote ni "songa".

Wa kwanza ni mtu wa boda. Barabarani kuna jam, kwa hiyo anapanda kwenye njia ya miguu na kunipigia honi mgongoni. "Mzee, songa!" Namwambia kijana wangu, hii ni ya watembea kwa miguu. Ananijibu kwa heshima zote, "Ndiyo mzee, na wewe tembea basi." Nashuka barabarani kumpisha, gari linapiga breki, dereva anatoa kichwa: "Buda, kwani hujaona wamewajengea njia?"

Ukirudi juu unakutana na soksi. Soksi, vifuniko vya simu, mitumba, mkanda wa ngozi ambayo haijawahi kuwa ng'ombe. Siwalaumu wachuuzi, kila mtu anatafuta unga. Shida ni kanjo, wale askari wa jiji, wakitokea. Zamani mchuuzi akikimbia aligongana na watu, akapunguza mwendo. Siku hizi njia imesawazishwa vizuri, hata Omanyala, yule mwanariadha wetu wa mita mia, angeweza kufanyia mazoezi hapo. Gunia linapita juu ya kichwa chako, kanjo nyuma yake, na wote wawili wanakuambia neno lile lile.

Mabenchi nayo! Mimi nikipata saa ya chakula nataka kukaa, nile chapati yangu kama binadamu. Benchi la kwanza limepangwa viatu. La pili pana mtu amelala, na kwa anavyokoroma inaonekana alifika alfajiri. La tatu lina nafasi, lakini mhubiri amesimama mbele yake na kipaza sauti, na ukikaa hapo anakuona wewe ndiye mwenye dhambi aliyekuwa akimsubiri. Nakula nimesimama. Hata nikisimama, naambiwa nisonge, nimeziba viatu.

Halafu kelele. Sote tulikuwa tukisema ni za matatu. Tulizisingizia sana zile gari. Zilipopungua ndipo tulipojisikia: duka hili linajaribu wufa kwa injili, la pili kwa rhumba, la tatu kwa gengetone, na mimi nikiwa katikati namwambia mteja bei kwa vidole.

Na huyo aliyetupa jina la barabara, Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ya mwaka 1960! Serikali ya makaburu ilimfungia kwenye wilaya yake, asitoke bila ruhusa. Ukiuliza mimi, waliotafuta jina linaloelewa shida ya kwenda mahali, hapo walipatia.

Wataalamu wanasema karibu safari 4 kati ya 10 jijini Nairobi ni za miguu. Wanasema kama jambo zuri, la afya. Siku moja kijana fulani mwenye karatasi alinisimamisha akaniuliza, "Mzee, ni nini kinachokuvutia kutembea?" Kinachonivutia! Mvua ikinyesha matone mawili, nauli inaruka mara mbili, ndicho kinachonivutia. Na Desemba 3, 2018, matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, tulivutiwa jiji zima, akina mama wajawazito na wanafunzi wakiwamo, mpaka amri ikaondolewa siku hiyo hiyo. Kijana akaandika: "Anapenda mazoezi."

Lakini la juzi ndilo limenimaliza. Mama mmoja amenunua TV ya inchi 55. Gari lake haliwezi kusimama mbele ya duka, limeegeshwa mbali, karibu na Muthurwa. Bosi ananitazama. "Wewe si huwa unatembea?" Nikaibeba mgongoni mpaka kwenye kona, kila mtu akiniuliza bei, mmoja akijitolea kunisaidia kwa moyo uliokuwa mweupe kupita kiasi. Mgongo ukakataa. Nikaita boda.

Nikapanda nyuma, nikaishika TV kwa mapana, mkono huku na mkono kule, sioni mbele. Barabarani jam. Dereva akapanda juu ya njia ya miguu, na nikamsifu kwa kuwa na akili. Akapiga honi. Nikamsaidia kwa sauti: "Songa! Songeni, kuna kioo!"

Watu wa jiji hili ni wagumu. Mzee mmoja, mtu mzima na mvi zake, akasimama katikati kabisa akiwa na chapati mkononi, eti hii ni ya watembea kwa miguu. Nikamwambia mzee wangu, tembea basi, nani amekuzuia?

Akasogea nusu hatua. TV bado haikupita. Ndipo nilipoona shida ya hii Luthuli iko wapi: waliopima njia walipima bila kuuliza wenye maduka. Pana, pana, kumbe inchi 55 haiingii.